Namba Moja, Mtu Mmoja

Habari hii nimeisimulia mara moja tu kabla ya leo, mbele ya watu waliokuwa na haki zote za kunizomea. Hawakunizomea. Nilitamani wangenizomea, nijue moja.

Naitwa Jeruto. Nimezaliwa Kapsabet, na huu ni mwaka wangu wa nne Mokowe, upande wa bara wa Lamu, katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, mimi na mwenzangu Owen. Sisi wawili ndio wenye Tumbawe. Tumbawe ni kiunzi cha kujengea tovuti. Mtu akitaka tovuti yenye fomu ya kujaza, haanzi na ukurasa mtupu. Anachukua kiunzi chetu, anaongeza yake machache, na anamaliza kabla ya chai ya saa kumi. Wakati huo kilikuwa na watumiaji kumi na saba, tukijihesabu na sisi.

Kiunzi lazima kiwe na kawaida zake, yaani yale kitakayofanya pale ambapo mjenzi hakukiambia kifanye nini. Na wajenzi wengi hawakiambii lolote. Wanakichukua jinsi kilivyo na kwenda zao. Mimi ndivyo nilivyotaka, kwa sababu sipendi kuulizwa maswali.

Jambo lililotugombanisha na Owen lilikuwa dogo. Mtu anajaza fomu, anaandika jina na namba ya simu, kumbe namba ile tayari imo. Kiunzi kifanyeje? Kinaweza kumkataa. Kinaweza kuwapokea wote wawili. Kinaweza kumuuliza. Au kinaweza kufuta maelezo ya zamani na kuweka mapya, kimyakimya, kwa kudhani ni mtu yule yule amerudi kurekebisha alipokosea.

Mimi nilishika hilo la mwisho. Nilikuwa nimechoka na tovuti zenye mtu mmoja aliyejiandikisha mara sita kwa sababu alikosea mwaka wa kuzaliwa.

"Na wakiwa watu wawili wanaotumia simu moja?" Owen akauliza. Owen ni mtu wa kusema polepole, na mimi upole wake hunichemsha.

"Siku hizi nani hana simu, Owen?"

"Mamangu hana."

"Mama yako anajaza fomu?"

Alinyamaza. Nikachukua kule kunyamaza kuwa nimeshinda. Alijaribu tena baadaye, akasema basi tuwe tunauliza, swali moja tu, halidhuru. Nikamwambia kila swali unalomwongezea mtu kwenye fomu ni mlango wa yeye kutokea. Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliirudia kwa watu wengine wiki nzima. Kisha nikaandika kwenye mwongozo wa Tumbawe, ukurasa wa kawaida za kiunzi, kwa herufi nzito: Namba moja, mtu mmoja.

Mwezi uliofuata akaja Edah, muuguzi tunayefahamiana naye kwa sababu ananunua mboga kwa yule yule mama ninayenunua mimi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Mokowe kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kupasua watu wenye mtoto wa jicho. Huja mara moja kwa mwaka. Edah alitaka fomu ya watu kujiandikisha wakiwa makwao, wasije wakapigwa jua kwenye foleni halafu wakarudishwa. Wa kisiwa cha Pate wangeletewa boti yao maalumu, wakitimia kumi na kuendelea. Nikamjengea fomu ile mchana mmoja, juu ya Tumbawe. Sikukiambia kiunzi chochote. Nilikuwa nakiamini, nimekiandika mwenyewe.

Orodha zilipofungwa, Mokowe ilikuwa na watu hamsini na wanane, Lamu mjini sitini na mmoja, Matondoni kumi na wawili. Pate ilikuwa na mtu mmoja. Asmaa Wazir, miaka sabini na miwili, Mtangawanda.

"Pate mtu mmoja?" Edah akashangaa.

"Labda wanaona vizuri," nikamwambia.

Nilisema hivyo. Sina pa kulificha. Boti maalumu ikafutwa, maana boti haiendi kuchukua mtu mmoja, na huyo mmoja akatumiwa ujumbe kwamba nafasi yake ni Jumatatu, aje na boti ya abiria.

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne, saa nne za asubuhi, akapanda ngazi yetu mwanamke wa makamo, amevaa buibui, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vimelowa gatini, na kwapani ana daftari la shule lenye jalada la buluu. Akatusalimu, tukaitikia. Akauliza ni nani aliyetengeneza ile fomu ya macho. Owen akanitazama mimi.

"Ni mimi, Bi."

"Mimi naitwa Hindu. Nina duka Mtangawanda, pale karibu na gati. Nimekuya kukuuliza jambo moja, nawe unijibu kwa ukweli. Nimekosea wapi?"

Akakaa. Akaeleza bila kupandisha sauti. Mtangawanda na vijiji vinavyoshukia pale, simu wanazo watu, lakini simu ya kufungua mtandao, yenye chaji, na mwenye kuijibu ikilia, ni yake. Namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu za shule za watoto wa watu. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi za kliniki. Mtu akisafiri kwenda Mombasa anaacha namba ya Bi Hindu, na akitafutwa, Bi Hindu anajua yuko wapi, amelala kwa nani na atarudi lini. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Watu walimzoea tu.

Basi habari ya madaktari ilipofika, watu wakamjia. Aliwaandika kwanza kwenye daftari, jina la mtu, la baba na la babu, ili asisahau mtu. Halafu akakaa na simu siku mbili, anajaza mmoja mmoja. Watu arubaini na watatu. Wa arubaini na nne alikuwa mamake mzazi, Bi Asmaa.

"Mamangu nilimtia mwisho," akasema. "Mtu ukipewa kazi ya watu, huanzi na wako. Ndivyo tulivyolelewa."

Nilianza kuona anakoelekea.

"Na kila nikimaliza mmoja, simu yaniambia: Asante, taarifa zako zimehifadhiwa. Mara arubaini na nne. Nikaamini. Ukashuka ujumbe, ni mmoja, wa mamangu. Nikangoja wa wenzake. Boti nayo haikuya. Jumapili wazee wakapiga simu huku, wakaambiwa orodha ina mtu mmoja wa Pate, na jina lake hili." Akafungua daftari akaliweka juu ya meza yangu, juu ya kibodi. "Sasa Mtangawanda wanasema niliwaandika watu wote mbele ya mato yao, kisha nikawafuta nyuma yao, mamangu apate nafasi. Bwana Husseini ni imamu, si mtu wa maneno mengi, na jana amepita dukani hakunisalimu. Miaka ishirini na sita hajapata kupita bila salamu."

"Hukuwaambia labda ni mtandao?" Owen akauliza.

"Niliwaambia. Wakaniuliza, ni mtandao gani huo unaomjua mamako peke yake?"

Sikuhitaji kufungua kompyuta, lakini niliifungua, nipate pa kuangalia. Mambo yalikuwa vile vile nilivyojua. Wa pili alimfuta wa kwanza. Wa tatu akamfuta wa pili. Ile Asante haikuwa uongo. Kila mtu alihifadhiwa kweli, kwa muda wa dakika nne au tano, mpaka Bi Hindu alipomaliza kumjaza anayefuata. Aliyeingia mwisho hakuwa na wa kumfuta. Laiti angekuwa mtu mbinafsi, akamtanguliza mamake, jina lililobaki lingekuwa la mtu mwingine na yeye angekuwa mwenye kuonewa huruma kijiji kizima. Adabu yake ndiyo iliyomtia mashakani, na mimi ndiye niliyempangia.

"Hukukosea popote, Bi Hindu," nikamwambia. "Niliyekosea ni mimi. Nilikiamuru kiunzi kwamba namba moja ni mtu mmoja. Kila ulipomwandika mtu, kilidhani ni wewe umerudi kujirekebisha."

Alinitazama juu chini, bila hasira, na hiyo ilinikera kuliko hasira.

"Watu arubaini na nne, wake kwa waume, kikadhani ni mimi najirekebisha?"

"Hakisomi majina, Bi. Kinaangalia namba tu."

"Na ni nani aliyekiambia kisisome majina?"

"Mimi."

Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa chenji na kuiona iko sawa. Nikamwomba radhi. Akasema radhi ameipokea, lakini yeye alikuwa anajua tangu awali kwamba hakumfuta mtu, kwa hiyo maneno yale kumwambia yeye hayamfai kitu. "Ukayasemee Mtangawanda," akasema. "Huku hakuna aliyenitukana."

"Na Bi Asmaa? Nafasi yake ilikuwa jana. Naweza kuomba aingizwe kesho."

"Amekataa. Asema haji kutiwa mato peke yake ili arudi awaone majirani wanavyomtazama. Ana jicho moja tu lenye mwanga, nalo ni mwanga wa kujua mlango uko wapi."

Alipotoka kwenda kuswali, Owen alivuta kiti karibu. Owen ana moyo mzuri na hutaka kila mtu apate pa kutokea. Akasema tunaweza kuandika barua, tuseme kulitokea hitilafu ya kiufundi katika mfumo. Haitakuwa uongo. Haitataja mtu.

"Ndiyo shida yake," nikamwambia. "Isipotaja mtu, aliyebaki ni Bi Hindu."

Akakubali. Halafu, kwa sababu ni binadamu, akasema: "Nilikuuliza kuhusu simu moja."

"Uliniuliza."

"Nasema tu."

"Umeshasema, Owen."

Nikaenda kwa Edah. Nikamweleza, naye akanisikiliza akiwa anafunga bandeji, na hakunitania, jambo lililonionyesha uzito wake. Akapitia orodha kalamu mkononi. Kuna waliopimwa wakaonekana shinikizo la damu liko juu, kuna waliokosa kufika, kuna mzee mmoja wa Matondoni aliyefika akaona kitanda akageuka. Alikwangua huku na huku akapata nafasi kumi na tisa, Alhamisi na Ijumaa. Nikamuuliza haiwezekani hata ishirini na tano. Akasema yeye si aliyefuta watu. Nilistahili.

Jumatano nikapanda boti ya asubuhi pamoja na Bi Hindu. Nilikuwa nimeandika maelezo kwenye karatasi, ikalowa maji ya chumvi kabla hatujafika, wino ukasambaa, nikaitupa.

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye kibaraza cha duka na kivulini mwa ukuta. Wengi walikuwa wazee, na kila mmoja ana wa kumshika mkono. Bwana Husseini, imamu, alikaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Macho yake mwenyewe yalikuwa na ukungu mweupe. Alikuwa nambari saba kwenye daftari.

Nikasema. Nilisema vibaya, kwa Kiswahili cha bara na maneno mengi ya kompyuta ambayo hakuna aliyeyaomba, mpaka Bi Hindu akaniambia kwa sauti ndogo nipite ndia iliyonyooka. Nikaanza tena. Nikasema kuna mashine inayopokea majina. Mwenye kuiamuru ni mimi. Niliiamuru kwamba simu moja ikileta majina mawili, jina la mwanzo lifutwe. Haikutoa taarifa kwa sababu niliiamuru pia isitoe taarifa. Bi Hindu aliwaandika wote. Mama yake alibaki kwa sababu alimwandika mwisho.

Mbuzi alipita.

"Kwa hiyo ni wewe," Bwana Husseini akasema hatimaye, "uliyeamua kwamba sisi sote ni mtu mmoja."

"Ndiyo, Bwana."

"Ulipoamua, ulikuwa watujua?"

"Hapana."

"Ulikuwa wamjua mtu yeyote anayetumia simu ya mwenzake?"

Nikafikiria mama yake Owen. "Niliambiwa," nikasema. "Sikutaka kusikia."

Imamu akageuza uso upande alipokuwa amesimama Bi Hindu, akaukosa kidogo, akawa anauelekea mlango wa duka. "Asalaam alaikum, Bi Hindu," akasema, mbele ya watu wote. Bi Hindu akaitikia. Kisha akaingia dukani kana kwamba kuna mteja. Hakukuwa na mteja.

Nami nilikuwa na roho nyepesi ghafla, nikadhani limekwisha. Nikawatangazia kuhusu zile nafasi kumi na tisa. Boti itakuja kesho yake asubuhi. Bi Asmaa, nikasema, yeye hahesabiwi katika hizo, jina lake lilikuwa limeshapita, anayo yake ya peke yake, Edah ameihifadhi.

Bi Asmaa alikuwa amekaa kwenye jamvi ndani ya mlango, mwanamke mdogo wa mwili, mikono imetulia mapajani. Akauliza bila kuinua kichwa: "Hiyo yangu niliipataje?"

"Jina lako lilikuwa kwenye orodha, Bi."

"Kwa nini lilikuwamo?"

Alijua, na alijua kwamba najua.

"Lilikuwamo kwa kosa," akasema. "Sasa kosa umelitengeneza, ahsante. Basi nafasi ni ishirini. Hindu, soma daftari kuanzia juu. Wa ishirini akifika, funga."

Bi Hindu alikuwa amerudi mlangoni na daftari mkononi. Nilimwona akimtazama mamake, na nilijua kwamba binti yule alikuwa anataka kusema kitu na kwamba hatakisema. Nikakisema mimi. Nikasema hakuna anayemlaumu tena, watu wameelewa, achukue nafasi yake. Nikasema madaktari hawarudi mpaka mwaka ujao. Nikasema, na hapa nilikuwa karibu kulia kwa hasira, kwamba nitampeleka Mombasa mwenyewe.

"Na hawa ishirini na watatu watakaobaki nami," Bi Asmaa akauliza, "utawapeleka wote?"

Nilipiga hesabu. Nilikuwa najua jibu, lakini nilipiga.

"Siwezi, Bi."

"Basi usinitoe mimi peke yangu. Umeshanitoa mara moja."

Bi Hindu akasoma. Alisoma majina matatumatatu, la mtu, la baba, la babu, na kila aliyesomwa aliitikia. Wa saba, Bwana Husseini, aliitikia kwa kugonga fimbo chini. Wa ishirini alikuwa mwanamke aitwaye Razan, ambaye alijifunika uso kwa leso na kukaa hivyo. Bi Hindu akafunga daftari.

Walipasuliwa wote ishirini, na kwa habari nilizopata wote wanaona. Bwana Husseini anasoma msahafu bila kusomewa. Ananisalimu nikifika, kwa jina, kwa mbali, kuonyesha kwamba ameniona.

Kiunzi tukakibadilisha wiki ile ile. Sasa namba ikirudi, Tumbawe kinasimama na kuuliza: Namba hii tunayo tayari. Unamrekebisha mtu yule yule, au unamwandika mwingine? Na hakifuti chochote mpaka kijibiwe. Nikafuta ile sentensi yangu kwenye mwongozo. Kinyozi mmoja wa Kitale, mtumiaji wetu wa tisa, aliandika kulalamika kwamba wateja wake sasa wanaulizwa swali lisilo na maana. Nilimjibu kwa adabu kwamba anaweza kulizima mwenyewe, na kwamba akilizima, liwe ni lake.

Mwaka haujatimia tangu siku ile. Mwezi uliopita tulifungua fomu ya kambi ijayo, nikaenda Mtangawanda mwenyewe siku ya kwanza, kuona kwa macho yangu. Bi Hindu alijaza kwa simu ile ile, namba ile ile. Kiunzi kilimuuliza kila mara na kila mara alijibu: mwingine. Waliobaki safari ile walikuwa ishirini na watatu, wakaongezeka wapya tisa, na wa mwisho mamake.

Alipomaliza, Bi Asmaa aliniomba nimsomee orodha kutoka kwenye kompyuta yangu, si kwenye daftari. Sasa hata mlango uko wapi hajui tena. Anaufuata kwa mkono ukutani. Nikakaa naye jamvini nikamsomea. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Nilipofika thelathini na mbili nilisita.

"Soma," akasema. "Wa mwisho ni nani?"

"Asmaa Wazir. Miaka sabini na mitatu."

"Na wa mbele yangu wamo wote?"

"Wamo wote, Bi."

"Rudia," akasema. "Kutoka juu."

Nikarudia kutoka juu.